Kumaliza Rasimu ya Kwanza ya Riwaya: Mwongozo Kamili wa Kazi ya Kila Siku

Riwaya nyingi za Kiswahili zinazoanzwa Kampala, Jinja, Arua au Gulu hufia mahali pamoja: kati ya sura ya tatu na ya tano. Mwandishi ameshauandika mwanzo mara nne, kila mara ukipendeza zaidi, na mwisho hajawahi kuuona. Kipaji si hoja hapa. Kinachokosekana ni utaratibu wa kazi ya kila siku, na daftari la kuonyesha kama kazi inakwenda au imesimama.

Mwongozo huu ni wa rasimu ya kwanza tu: maneno kama 50,000, kwa mtu mwenye ajira au biashara anayeweza kupata saa moja kwa siku, siku tano kwa wiki. Uhariri na kutafuta mchapishaji vina wakati wake.

## Vitu vya kuwa navyo

- Kaunta buku mbili za kwaya tatu (kurasa 288 kila moja), ikiwa unaandika kwa mkono. Andika ukurasa wa kulia pekee. Wa kushoto uache kwa masahihisho na maswali. Mwandiko wa kawaida huweka maneno kama 250 kwa ukurasa, kwa hiyo maneno 50,000 yanahitaji kurasa 200. Kaunta buku moja ina kurasa 144 tu za kulia.
- Daftari dogo la shule la kurasa 96. Hili ndilo daftari la kazi, na hakuna kitu kingine kinachoandikwa humo.
- Karatasi ngumu za manila, zikatwe vipande 40 vya ukubwa wa kadi ya posta.
- Simu au kompyuta, ikiwa unachapa. Zima kirekebisha tahajia cha Kiingereza kabla ya yote. Kwenye kompyuta kitakupigia mstari mwekundu chini ya karibu kila neno. Kwenye simu kitabadilisha maneno kimyakimya, uje kugundua baada ya wiki.
- Taa ya sola au tochi ya kuchaji, na flashi moja.

Programu ya kulipia haihitajiki. Anayekwambia huwezi kuandika riwaya bila programu fulani anauza programu.

## 1. Andika tatizo la hadithi kwa sentensi moja

Sentensi iwe na vitu vinne: mtu, anachokitaka, kinachomzuia, na atakachopoteza akishindwa. Mfano tutakaoutumia hadi mwisho ni huu:

*Nakato, mchuuzi wa samaki katika mwalo wa Ggaba, anataka kuirudisha mashua ya marehemu babake iliyochukuliwa na baba yake mdogo, kabla ya siku ya kulipa mkopo aliouwekea rehani nyumba ya mama yake.*

"Riwaya kuhusu ufisadi" ni mada, na mada haikwambii uandike nini Jumanne alfajiri. Sentensi ya Nakato inakwambia: kuna mashua, kuna ndugu, kuna tarehe.

Utajua imekaa sawa ukimsomea mtu naye akauliza, "Kisha?" Akisema "ni nzuri" akanyamaza, bado kimoja kati ya vile vinne kimekosekana. Mara nyingi ni cha nne.

Angalizo dogo la majina, maana kosa hili hutokea mapema na kusahihishwa kwa taabu: ukimwita mhusika Nakato, msomaji wa hapa atauliza pacha wake yuko wapi. Ama umweke Babirye au Wasswa katika hadithi, ama ueleze kilichompata. Kama huna kazi ya kumpa pacha, chagua jina lingine leo.

## 2. Gawa hadithi katika matukio 35

Kila tukio kadi moja, kila kadi mistari mitatu: mahali, nani anataka nini kutoka kwa nani, nini kimebadilika mwishoni. Matukio 35 ya maneno kama 1,400 kila moja yanakupa 49,000.

Mstari wa tatu ndio wenye kazi. "Nakato anapanda taksi kwenda mjini akiyawaza maisha yake" haina mstari wa tatu, na siku ya kuiandika utakaa mbele ya ukurasa mtupu ukidhani umeishiwa. Ibadilishe: Nakato anapanda taksi, anakuta kondakta ni kijana aliyekuwa akivua na babake, naye anamwambia mashua imepakwa rangi upya na sasa iko Katosi. Alipopanda hakujua, aliposhuka anajua. Hilo ni tukio.

Zitandaze kadi sakafuni. Kumi za mwanzo na tano za mwisho ziwe kamili. Za katikati zinaweza kuwa na mstari mmoja mmoja, ilimradi mwisho uwe unaujua, hata kama ni mwisho usioupenda bado.

Usikae kwenye kadi zaidi ya wiki mbili. Kupanga hadithi ni kutamu kuliko kuiandika, na wapo waliopanga miaka mitatu.

## 3. Fanya maamuzi ya lugha kabla ya ukurasa wa kwanza

Hapa ndipo mwandishi wa Kiswahili aliye Uganda ana kazi ambayo mwenzake wa Tanga hana. Wahusika wako wengi, katika maisha yao, wangekuwa wanasema Luganda, Lusoga, Acholi au Lugbara. Usipoamua mapema utakuwa ukiamua upya kila ukurasa, na kila uamuzi hula dakika kumi za ile saa yako moja. Maamuzi yaandike kwenye kurasa mbili za mwisho za daftari la kazi.

Nyakati za kitenzi. Chagua moja ya kusimulia. Iliyo salama ni *-li-*, ikifuatiwa na *-ka-* kwa vitendo vinavyofuatana: *aliingia, akavua viatu, akaketi*. Rasimu nyingi huanza na *-li-*, zikateleza kwenye *-na-* tukio likipamba moto, kisha zisirudi. Na *-ka-* nayo isizidi nne au tano mfululizo; baada ya hapo sentensi inasikika kama taarifa ya polisi.

Usemi wa wahusika. Mtu anayesema Luganda na Mganda mwenzake, mwandikie Kiswahili safi na chepesi, maana katika lugha yake hakosei. Kiswahili kilichovunjika kiwe cha mtu ambaye kweli anasema Kiswahili asichokimudu: askari anayetoka kambini, mchuuzi wa Busia anayebishana bei na Mkenya. Hapo "kitabu yangu" na "watu mingi" vina kazi. Kosa moja kwa sentensi linatosha kumtambulisha. Ukijaza makosa, msomaji ataanza kumcheka mtu uliyetaka amhurumie.

Maneno ya hapa. Tengeneza orodha ya yale yatakayobaki yalivyo: *ssebo*, *nnyabo*, *jjajja*, *ssenga*, *mukene*, *kaveera*. Usiyafafanue kwa mabano. Mpe mhusika kitendo kinachofafanua: ssenga akiwa amemketisha msichana chumbani siku chache kabla ya harusi, mlango umefungwa, msomaji wa Mombasa atamwona somo wake hapo hapo.

Yapo pia maneno yanayomdanganya msomaji wa nje. Taksi ya Kampala ni gari la abiria kumi na wanne. Msomaji wa Dar es Salaam ataona gari dogo la kukodi. Rolex kwake ni saa ya mkononi. Mara ya kwanza tu onyesha: kondakta anaita abiria na kugonga bati, yai linakaangwa na kukunjwa ndani ya chapati. Baada ya hapo liache neno lijitembelee.

Saa. Luganda huhesabu saa kama Kiswahili, kwa hiyo mhusika wako akisema saa mbili asubuhi hakuna mgongano. Mgongano unatoka kwenye simu yako inayoonyesha 8:00, ndiyo maana rasimu hujaa watu wanaofika kazini "saa nane asubuhi". Msimulizi atumie saa za Kiswahili tangu mwanzo hadi mwisho.

Maamuzi haya yanaweza kubadilika katika rasimu ya pili. Katika ya kwanza hayaguswi, hata ukiona umekosea.

## 4. Panga saa na kipimo

Mwaka mzima jua la Kampala huchomoza kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa moja asubuhi. Kwa wengi, saa kumi na moja mpaka saa kumi na mbili alfajiri ndiyo saa pekee ambayo simu haijaanza kuita. Mwenye duka linalofungwa saa tatu usiku asijidanganye na alfajiri. Atafute mchana mteja anapopungua. Muhimu ni saa ile ile na mahali pale pale.

Kipimo: maneno 500 kwa siku, siku tano kwa wiki. Hiyo ni 2,500 kwa wiki, na 50,000 kwa wiki 20.

Waandishi wengi wamechukua kipimo cha maneno 1,667 kwa siku kutoka NaNoWriMo, shindano la kuandika lililoanzia Marekani mwaka 1999 na kwa miaka mingi likafanyika kila Novemba, la maneno 50,000 kwa siku 30. Kile ni kipimo cha Kiingereza. *Hakutuambia* kwa Kiingereza ni maneno matano. Kwetu ni moja. Mia tano za Kiswahili ni kazi kubwa kuliko zinavyoonekana.

Weka pia kiwango cha chini: maneno 150. Hiki ni cha siku za homa, msiba na wageni. Kinaandikika hata ndani ya taksi, na faida yake ni kwamba kesho hutalazimika kuanza upya kuikumbuka hadithi.

Wanaoandika kwa mkono wasihesabu neno moja moja. Hesabu maneno ya mistari kumi, gawanya kwa kumi, zidisha kwa mistari ya ukurasa. Fanya hivyo mara moja, kisha hesabu kurasa.

Angalia kalenda kabla ya kuanza. Mwalimu wa P7, yaani darasa la saba, asipange wiki za mwisho za rasimu ziangukie Oktoba na Novemba, maana PLE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi, hufanyika Novemba. Mwenye watoto shuleni ajue kuwa wiki za kutafuta karo mwanzoni mwa muhula ni wiki za kiwango cha chini.

## 5. Kikao cha saa moja kinavyokwenda

Dakika 5: soma aya ya mwisho uliyoandika jana. Aya moja, si sura. Anayesoma sura nzima huanza kusahihisha, na saa inaisha akiwa bado jana.

Dakika 45: andika mbele. Usifute. Ukikosa jina, tarehe au kitu cha kutafiti, weka alama QX na uendelee: *Ofisa alimtaka aonyeshe QX-leseni ya mashua.* Herufi hizo mbili hazimo katika alfabeti ya Kiswahili, kwa hiyo siku ya masahihisho ukizitafuta kwenye kompyuta zitatokea hizo tu. Kwenye kaunta buku ziandike kwa kalamu nyekundu.

Sheria ya QX ndiyo ngumu kuliko zote kwa watu makini. Unajiambia utaangalia mara moja tu kwenye intaneti sheria ya urefu wa mashua, na baada ya dakika arobaini unasoma habari za mechi. Utafiti una siku yake: Jumamosi moja kila wiki mbili, ukiwa na orodha ya QX mkononi. Vingine havipatikani kwenye intaneti hata kidogo. Nenda mwaloni saa mashua zinaporudi, usikie bei inatajwaje na nani anashika pesa.

Dakika 5: simama katikati ya tukio, hata katikati ya sentensi. Usimalize sura usiku huu halafu ukalala. Kesho utaanza na ukurasa mweupe na kichwa kitupu. Nakato akiwa ameshika kufuli la sanduku, achia hapo.

Dakika 5 za mwisho: daftari la kazi.

## 6. Daftari la kazi

Mistari miwili kwa siku inatosha: tarehe, saa ulipoanza, maneno, namba ya tukio, kilichokwamisha, na kesho unaanzia wapi. Wiki moja ya mwandishi wa Nakato inaweza kuonekana hivi:

> Jumatatu. 11:05 alfajiri. 540. Tukio 11. Hakuna. *Kesho: Nakato anafungua sanduku.*
> Jumanne. 11:20. 210. Tukio 11. Sijui ndani ya sanduku mna nini. *Kesho: risiti? picha?*
> Jumatano. 0. Nimerudia sura ya 1. *Kesho: sanduku.*
> Alhamisi. 11:10. 160. Tukio 11. Sijui. *Kesho: ruka, nenda tukio 12.*
> Ijumaa. 11:00. 630. Tukio 12. Hakuna. *Jumatatu: baba mdogo anakana.*

Andika sababu ya kweli kwa maneno machache. "Sikuwa na mudi" haisaidii. "Sijui", "usingizi", "simu", "nimerudia sura ya 1", "naogopa mama atasoma" zinasaidia, hasa hiyo ya mwisho ambayo watu hawaiandiki.

Jumapili soma wiki nzima, dakika kumi. Katika mfano huu Jumatano inaonekana kama uvivu, lakini si uvivu. Jumanne mwandishi hakujua kilichomo sandukuni, Jumatano akakimbilia sura ya kwanza anayoijua, Alhamisi bado hajui. Ugonjwa uko kwenye kadi ya 11, ambayo haina mstari wa tatu. Dawa ni kukaa na kadi hiyo robo saa, kuandika vitu vitano vinavyoweza kuwa ndani ya sanduku, na kuchagua kinachomwumiza baba mdogo zaidi. Bila daftari, mwandishi huyu angejiona hana kipaji.

"Usingizi" mara tatu: badilisha saa. "Simu" mara tatu: iache chumba kingine, kama unaandikia kwenye simu hiyo hiyo, zima data. Sifuri tatu mfululizo bila sababu yoyote: hudhuria kikao cha nne kwa dakika kumi na tano tu, uandike barua ya Nakato kwa mtu anayemchukia. Barua si lazima iingie kitabuni.

Usimwonyeshe mtu daftari hili. Ukijua litasomwa, utaanza kuandika sababu za kupendeza.

## 7. Mahali pa kukwama, na kwa nini

Maneno 10,000 hadi 15,000. Mwanzo umeisha, hamu imepungua, na wazo jipya la riwaya nyingine linaonekana bora kuliko hili. Liandike wazo hilo kwenye ukurasa wa kushoto, nusu ukurasa, na urudi kazini. Litaonekana bora mpaka nalo lifike maneno 12,000.

Katikati, karibu 25,000. Hapa kadi zilikuwa na mstari mmoja mmoja, na wahusika wanaanza kutembeleana na kunywa chai. Sababu ni kwamba kizuizi hakikui: baba mdogo amesema hapana mara tatu kwa namna ile ile. Kila kukataa kumgharimu Nakato kitu kipya. Mara ya kwanza anapoteza siku, mara ya pili mtaji, mara ya tatu mama anajua kuhusu rehani. Jaza kadi tano zijazo kwa kipimo hicho, usijaze zote.

Kugundua kosa kubwa nyuma. Unafika tukio la 20 na kuona kumbe dada ndiye aliyeiuza mashua. Usirudi. Andika kwenye ukurasa wa kushoto: *kuanzia hapa dada ndiye aliyeuza, rekebisha 3, 8, 14*, kisha endelea kana kwamba ilikuwa hivyo tangu mwanzo. Anayerudi kurekebisha matukio hayo matatu atarekebisha kumi, na hapo ndipo rasimu nyingi huzikwa.

Kadi tano za mwisho. Wengine hukimbia, wakaandika tukio la maneno 300 lililostahili 2,000, kwa kuwa wamechoka. Kilele kipewe vikao vitatu hata kama kimekaa wazi kichwani.

## 8. Nakala

Umeme ukikatika katikati ya kazi kwenye kompyuta ya mezani, unapoteza kila kilichoandikwa tangu ulipohifadhi mara ya mwisho. Weka programu ijihifadhi kila dakika tano. Kila Ijumaa jitumie faili kwa barua pepe na uinakili kwenye flashi, jina likiwa na tarehe, usiandike juu ya faili ya zamani. Kwa kaunta buku, piga picha kila kurasa kumi na uzitume vilevile. Mvua za Machi hadi Mei hupenya mabati. Kaunta buku ilale ndani ya kaveera, yaani mfuko wa plastiki, juu ya kabati.

## 9. Rasimu imeisha lini?

Imeisha tukio la mwisho linapokuwa limeandikwa. QX zinaweza kuwa 80, dada anaweza kuwa na majina mawili, sura ya pili inaweza kuwa mbaya kabisa. Kama hadithi inatoka kwenye tatizo mpaka jibu lake, rasimu ya kwanza ipo.

Ifungie kwa wiki nne bila kuisoma. Kisha, kama umeichapa, ipeleke ikatolewe kwenye karatasi katika maduka ya Nasser Road, upande mmoja, mistari ikiachana mara mbili, ibanwe kwa spairo. Bei hutofautiana mlango kwa mlango. Uliza angalau mitatu, na ukae pale pale mpaka kazi iishe ili faili yako isibaki kwenye kompyuta ya mtu.

Isome yote kwa siku mbili au tatu ukiwa na kalamu moja, ukiweka alama pembeni bila kuandika upya: T panapochosha, ? usipoelewa, / panaporudiwa. Baada ya hapo ndipo mtu wa pili aisome, na awe mtu anayesoma Kiswahili kwa hiari yake. Mwanamke anayetafuta wenzake wa kusomeana anaweza kuanzia FEMRITE, chama cha waandishi wanawake chenye makao Kamwokya, ingawa huko kazi nyingi ni za Kiingereza. Msomaji huyo usimwulize kama ameipenda. Mwulize aliiweka chini ukurasa wa ngapi.